Sekunde Kumi na Nne

Kadi aliisahau mpima barabara,
kijana mrefu, shingo imeiva kwa jua,
aliyekuja kuchaji simu
akaondoka na chaja ya mtu mwingine.
Ndani mlikuwa na nyimbo kumi na moja:
dada wa Ayalandi anaimba, mdundo wa kompyuta chini yake,
na nyuma fidla, filimbi,
na kitu kama mfuko unaokoroma.

Mimi kazi yangu kujaza nyimbo.
Mmoja shilingi hamsini, albamu nzima mia tano,
hapa Kibaigwa, ng'ambo ya soko la mahindi,
spika mlangoni, vumbi la pumba juu ya kila kitu.
Nikaifungulia siku ya mnada nisikie watasemaje.

Walisema.

Wabeba magunia walitaka wa pili tu, ule wa mbio.
"Huu unabeba wenyewe," Mbeleje alisema,
akapanda ubao wa Fuso na kilo mia begani
kama anayepeleka mto kitandani.
Dereva wa Singida aliuliza nani kafa.
Janeti wa cherehani: sauti anayo,
ila aliyemwacha ni mwanamume mmoja,
nyimbo kumi na moja za nini?

Chidawali, aliyewahi kupiga besi hotelini Dodoma mjini,
alibetua mdomo:
"Wamechukua cha babu zao, wamekiogesha,
wamekivalisha suti. Hakinuki moshi tena."
Mdogo wake akamjibu bila kuinua macho kwenye chapati,
"Na besi lako lilinuka moshi gani?"
Chai yao ikapoa.

Mwalimu Lechipya, mstaafu, hakutia neno.
Aliniachia risiti ya mizani, nyuma kaandika kwa penseli:

    Nimesikia fidila, imelia kama zeze,
    Nimeuliza kabila, wakanambia nicheze,
    Ngoma haitaki hila, mpiga asiipoze,
    Wimbo wa nne urudi, wa tatu muupunguze.

Wa tatu nikaupunguza.

Mimi hakuna aliyeniuliza, lakini napenda wa tisa.
Sielewi hata neno. Mwishoni kuna mtu anacheka,
na hawakumkata.

Jioni, soko linafagiliwa,
akaja mama yake Ndahani na kikapu cha mlenda mkavu.
Hakununua wala hakuuza. Alisimama.
Wa nne ulikuwa unaanza:
fidla peke yake, inapapasa,
inapanda kidogo, inashuka, kama haijaamua.
Kisha mdundo ukaingia,
naye akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha tena. Hapo, kabla ya hiyo kelele. Nikatie hapo."
Nikapima: sekunde kumi na nne.
Nikamwambia, mama, huo si wimbo bado,
huyo anajiandaa tu.
"Ndiyo," akasema. "Baba Ndahani naye
alikaza nyuzi za zeze lake muda mrefu kuliko kuimba.
Watu wamekaa, pombe imemiminwa, yeye anakaza.
Nilikuwa namwambia, anza basi."

Akafungua fundo la kanga, akatoa mia mbili.
Nikamwekea uwe mlio wa simu.

Sasa wanawe wanalalamika.
Ndahani kapiga kutoka Morogoro mara saba,
kaja kibandani kwangu na hasira, simu ya mama umeifanya nini?
Nikamwambia nzima.
Sikumwambia kwamba nimemwona:
simu inalia juu ya meza, ameacha kuchambua mlenda,
mikono mapajani, kichwa upande,
inalia hadi mwisho,
na ikinyamaza anaitazama kidogo, anaendelea.

Siku nyingine jioni, nikishafunga spika,
nampigia. Sina neno la kumwambia.
Hapokei. Salio langu liko palepale.
Napiga tena.